Kipimo cha Josho

Jumanne asubuhi Mtazoea hakutoka nje kumbwekea mtu. Wauza maziwa walipita na baiskeli zao, watoto wa shule wakapita wakiburuza fimbo kwenye ua wa minyaa, na ua wa Mzee Mayala ukabaki kimya kama ua wa watu waliohama. Mkewe, Dorotea, alimkuta mbwa wao nyuma ya jiko, amejikunja juu ya gunia tupu. Alimsogezea uji uliochanganywa na vichwa vya dagaa. Mbwa akaunusa, akageuza uso.

"Baba Shimba, njoo umwone huyu."

Mayala alikuja akijifunga mkanda. Alichuchumaa, akamfunua sikio. Ndani ya sikio kupe walikuwa wamejipanga kama punje za mtama kwenye suke, wengine wamevimba hadi wamekuwa kijivu.

"Kupe," alisema. "Wamemnyonya damu. Huyu anahitaji kuoga."

"Usimguse na madawa yako. Huyu mtoto, hajafika hata miezi mitano. Nikirudi kutoka barabarani tutamtoa mmoja mmoja kwa mkono."

"Mama Shimba, mimi nimeogesha ng'ombe wa kata nzima miaka ishirini na miwili."

"Huyu si ng'ombe," Dorotea alisema, akajitwisha ungo wa mchele, akaenda zake barabarani kuuza.

Mbwa huyo alikuwa na miezi miwili tu pale nyumbani. Majirani walipolalamikia kelele zake wiki ya kwanza, Dorotea aliwajibu, "Mtazoea," na jina likawa hilo hilo. Huku kwetu mbwa hupewa jina la kumjibu jirani. Alikuwa wa mwisho katika uzao wa mbwa wa Hellen, dada yake Dorotea, aliyepika ugali na samaki pale Kigongo miaka kumi na tisa, akiwalisha watu waliokuwa wakisubiri kivuko. Daraja lilipofunguliwa hakuna aliyesubiri tena. Daraja ni zuri, hakuna anayebisha, mgonjwa sasa anavuka kwa dakika chache. Lakini katika hotuba zote zilizosomwa hakuna iliyouliza Hellen atampikia nani. Alifunga sufuria zake, akaenda Geita kwa mwanawe, akampitishia dada yake kitoto cha kike chenye masikio ya kahawia. "Nitunzie huyu," alisema. "Ndicho kitu pekee cha Kigongo ninachoacha kikiwa kinapumua."

Basi Dorotea alimpenda mbwa yule kuliko kawaida ya watu wa huku, na Mayala alilijua hilo.

Alipobaki peke yake, mzee alimtazama tena mgonjwa. Kupe kama wale, kutoa kwa mkono ni kazi ya siku mbili. Na mkono wa Mayala ulikuwa unamwasha kwa hamu ya kufanya jambo analolijua.

Kwani alilijua. Waulizeni watu waliokuwa na akili zao miaka ile. Josho la kijiji lilijengwa kwa mawe tuliyobeba kichwani kutoka kilimani, kila kaya mawe ishirini na siku mbili za kazi, na aliyekosa alitoa kuku wa kuwapikia wajenzi. Kila Jumatano, kabla jua halijakausha umande, vumbi la ng'ombe lilionekana kutoka pande zote nne. Wanyama walisukumwa mlangoni, wakaruka, pwaa!, maji yakawafunika pembe, wakaibuka wakikoroma, wakatoka upande wa pili wakimeta kama waliopakwa mafuta. Na Mayala, kijana mwenye kaptura ya kaki, alisimama ukingoni na fimbo ndefu yenye panda, akizamisha vichwa vilivyokataa kuzama. Ng'ombe wakiisha wakafuata mbuzi, mbuzi wakiisha wakafuata mbwa. Wachungaji waliwashika mbwa wao kwa ngozi ya shingo wakawarusha, na watu wakashika mbavu kwa kicheko, maana mbwa aliyetoka joshoni hukimbia duara kama mlevi, akijikung'utia kila aliyevaa nguo safi.

Halafu mwaka mmoja tukaambiwa kila mfugaji ajitegemee. Hakuna aliyetuuliza. Gari likaja likachukua pampu, likachukua mabati ya stoo, na bwana mifugo akahamishwa. Josho likakauka. Kila uchaguzi anakuja mtu wa kulipiga picha na kuahidi kulifufua, na kila baada ya uchaguzi vyura wanabaki nalo. Mayala alipewa barua ya shukrani, na akaondoka na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaka: kikombe cha bati cha kupimia dawa, cha kuwaogeshea nje wanyama walio wagonjwa sana kuingia majini. Kikombe kimoja, ndoo moja. Kwa kipimo hicho kijiji kizima kiliendelea kumjia. Walimwita Bwana Josho miaka thelathini baada ya josho kufa.

Dawa aliyokuwa nayo aliinunua mnadani, ndani ya chupa ya soda, bila karatasi. Siku hizi ndivyo inavyouzwa: mtu anamimina kutoka galoni, unalipa, unaondoka. Alichota kikombe, akamimina kwenye ndoo. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Harufu ikampanda puani, na kwa kitambo alikuwa na miaka thelathini, Jumatano, kaptura ya kaki.

Akamwogesha Mtazoea kuanzia shingoni hadi mkiani, kwa upole, akimsemesha kama alivyokuwa akiwasemesha ndama. "Tulia mama, tulia. Dakika moja tu." Mbwa hakuwa na nguvu ya kukataa. Alijilamba tu.

Kisha Mzee akakumbuka pua ya mkewe. Akachukua sabuni ya unga, akamwosha mbwa juu juu harufu iishe, akamlaza juani, akaificha chupa nyuma ya mtungi.

*

Dorotea aliporudi saa saba, povu lilikuwa linamtoka mbwa mdomoni kama ameuma sabuni. Misuli ya mapaja ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. Macho yalimtiririka machozi, na nyuma kulichafuka.

"Umempa nini huyu?"

"Nimpe nini? Amezidiwa na homa."

"Mbona ananukia sabuni?"

"Alijinyea. Nikamwosha."

Mayala alikuwa ameshaelewa. Zamani aliwahi kumwona ndama aliyemeza maji ya joshoni: udenda ule ule, kutetemeka kule kule, na jioni wakachuna ngozi. Lakini huyu hakumeza maji ya josho, na kipimo kilikuwa kile kile. Alirudia moyoni kwamba kipimo kilikuwa kile kile. Kama kosa lilikuwepo, basi lilikuwa mahali asipopaona, na mtu wa miaka sabini na mmoja haanzi kukiri kosa asiloliona. Ndivyo alivyojiambia, na wakati anajiambia mbwa alikuwa anakufa.

Walimwita Nestory, jirani mwenye pikipiki. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndama saba na maneno mengi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa," Dorotea alisema, amembeba Mtazoea ndani ya karai.

Nestory akamtazama mbwa, akamtazama mama, akatazama tena mbwa. "Mama, huyu ni mbwa au mkwe?"

"Washa pikipiki."

Walipanda mishikaki: Nestory mbele, Mzee katikati, Dorotea nyuma na karai pajani. Walipoingia Kisesa, kulikokuwa na daktari wa mifugo, wanawake wauza ndizi wakasimama wote.

"Haya, mama mchele! Mbwa naye ana bima?"

"Anayo kuliko wewe!" Dorotea aliwajibu bila kugeuka, na machozi yanamtoka.

Nestory alikuwa anaongea na upepo. "Mzee, kesho naogesha ndama wangu. Nimeshapata ile dawa ya mnadani. Kikombe kimoja kwa ndoo, si ndivyo ulivyoniambia?"

Mayala alitazama mabega ya kijana yule. Upepo ulikuwa mwingi. Mtu angeweza kudhani hakusikia.

*

Duka la dawa za mifugo lilikuwa na mbegu na mabomba ya kupulizia mbele, na nyuma ya pazia kulikuwa na meza ya bati. Daktari aliitwa Adoyo, binti wa Kijaluo kutoka upande wa Shirati, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliosha mikono kabla hajauliza jina la mtu yeyote.

"Mweke hapa, mama. Ana siku ngapi hivi?"

"Jana alikuwa mnyonge. Leo asubuhi hakula. Hii ya kutetemeka imeanza mchana."

Adoyo alimpima joto, akamfunua midomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akamgeuza sikio, akaona kupe, wengine wamekufa wakining'inia. Kisha akamtazama Mayala, na uso wake ukafunguka.

"Mzee wangu, wewe si ndiye Bwana Josho? Shikamoo. Nusu ya wateja wangu nikiwaeleza kipimo wananijibu, 'Mzee Mayala amesema vingine.' Nilitamani siku nyingi nikuone."

"Marahaba, mwanangu," Mayala alisema.

"Basi wewe utanisaidia. Hii ni homa ya kupe, damu imekwisha mwilini, hilo halina ubishi. Lakini udenda huu sijaupenda. Na mboni, ona zilivyobana, kama ncha ya sindano. Ameogeshwa dawa?"

Dorotea alimwangalia mumewe. Nestory alikuwa amesimama mlangoni ameshika chupa ya dawa ya minyoo aliyotaka kununua.

"Sabuni ya unga," Mayala alisema. "Alijichafua."

"Hakuna dawa ya kupe?"

"Sabuni tu."

Adoyo akasita, akamwinamia mbwa akanusa mgongo. Sabuni. "Angekuwa mtu mwingine ningebisha," alisema. "Wewe nakuamini." Akachukua bomba la sindano, akavunja kichupa, akavuta dawa polepole akiipima kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiyo ni ya nini?" Mayala aliuliza.

"Ya homa yenyewe. Hamkuwa mkiwachoma hii ng'ombe wenye ndigana baridi, homa yao ya kupe?"

Walikuwa wakichoma. Na hapo mzee akamwona bwana mifugo wa zamani, Okech, amesimama katika vumbi la Jumatano moja ya mwaka themanini na tatu, akimpiga mchungaji mkononi hadi sindano ikaanguka. "Aliyetoka kuoga hachomwi hii! Mnataka kuwaua?" Maana wiki iliyotangulia maksai watatu walichomwa wakiwa bado wanadondosha maji ya josho, na wote watatu walianguka njiani kabla hawajafika zizini. Watu wote waliokuwepo siku ile walikuwa wameshakufa au wamehama. Katika chumba kile, na pengine katika kata nzima, jambo hilo lilikuwa limebaki ndani ya kichwa kimoja.

Adoyo alibana ngozi ya paja la mbwa kwa vidole viwili.

"Usimchome," Mayala alisema.

"Mzee?"

"Usimchome. Nimemwogesha dawa ya josho."

Mlangoni, Nestory aliacha kutikisa chupa yake.

"Kiasi gani?" Adoyo aliuliza. Sauti yake haikupanda, ila alikuwa ameshaweka sindano chini na mkono mwingine unatafuta kabatini.

"Kikombe kimoja kwa ndoo."

"Kikombe gani? Nionyeshe."

Mayala akaonyesha kwa vidole, kimo na upana.

"Mzee wangu," Adoyo alisema, "kwa ndoo ile kingetosha kizibo kimoja. Kizibo cha soda. Mama, mshike kichwa. Wewe kaka, kalete maji, mengi, na sabuni ya kipande. Huyu tunamwosha upya mpaka ngozi ilie."

Hakuna aliyemfokea mzee. Hilo ndilo lililomuumiza. Waliruka kushoto na kulia, wakimzunguka kama kiti kilichowekwa njiani. Adoyo alichoma sindano nyingine, akanyoa manyoya ya mkono wa mbele, akatafuta mshipa mwembamba kama uzi, akatundika dripu kwenye msumari wa kalenda.

"Nimempa atropini, ya kuvunja sumu. Tunamtazama mdomo," alisema. "Udenda ukikauka, tumempata. Ukirudi, nachoma tena. Homa ya kupe itasubiri, kwa sasa atapata vidonge. Ile sindano ingemkuta na sumu hiyo mwilini..." Hakumalizia.

Nestory alirudi na ndoo ya pili, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Akasimama mbele ya Mayala.

"Mzee, na ndama wangu?"

"Usiwaogeshe."

"Ungeniambia?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Nilikuuliza kwenye pikipiki."

Mayala angeweza kuutaja upepo. "Nilisikia," alisema.

Nestory aliweka ndoo chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa kuirusha. Alitoka nje, na wakasikia pikipiki ikiwaka na kuondoka. Dorotea alikuwa anafuta mdomo wa mbwa kwa upindo wa kanga, anafuta, anatazama, anafuta tena.

"Nilikuambia usimguse," alisema. Akaendelea kufuta hadi saa kumi, udenda ulipokata.

*

Mtazoea alirudi nyumbani kesho yake jioni, ndani ya karai lile lile, kichwa kimelala ukingoni. Malipo, Adoyo alikubali nusu yake iwe mchele. Kila asubuhi kwa siku nane mzee na mkewe walimrudisha Kisesa, wakitembea, kwa sababu Nestory hakuwa na nafasi.

Siku ya tatu Adoyo alikuwa anamfunga mbwa plasta wakati alipouliza, kama mtu aliyelifikiria jambo usiku kucha.

"Mzee, kile kikombe chenu. Mlikuwa mnachota kutoka wapi? Kwenye kopo lililotoka kiwandani?"

"Kwenye pipa."

"Pipa lilichanganywa na nani?"

"Bwana mifugo. Alfajiri, kabla hatujafika. Ndani ya stoo."

"Ninyi mlikuwa mnaingia stoo?"

"Stoo ilifungwa. Ufunguo alikuwa nao yeye."

Adoyo alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Basi mlikuwa mnachota dawa iliyokwisha zimuliwa. Kikombe kilikuwa sahihi kwa pipa lile. Wewe juzi umechota dawa kavu, isiyotiwa maji. Ng'ombe mkubwa huenda akaivumilia, mtoto wa mbwa hawezi."

Mayala alikaa kwenye gunia la mbegu. Miaka ishirini na miwili. Alijua ng'ombe gani ana mimba kwa kumtazama anavyoruka. Alijua kina cha maji kwa rangi ya ukuta. Na hakuna siku hata moja, katika Jumatano zote zile, mtu aliyeona haja ya kumwambia ndani ya pipa kuna nini. Hivyo ndivyo kibarua anavyofundishwa kazi katika nchi hii: anafundishwa nusu ya mkono, nusu ya kichwa inafungiwa stoo, kisha stoo inabomolewa, mwenye ufunguo anahamishwa, na kibarua anaachwa na kikombe na shukrani ya serikali. Akiua, ameua yeye.

"Okech alikuwa mtu mzuri," alisema baadaye. "Alinifundisha kupanda baiskeli."

"Sijasema alikuwa mbaya, mzee wangu."

"Hapana. Mimi ndiye ninayejaribu kusema, na nashindwa."

Nyumbani Dorotea alimpakulia chakula kama kawaida, akakiweka mbele yake kama kawaida, akaondoka nacho kilichobaki bila neno. Hellen alipopiga simu kutoka Geita, mzee alisimama nje ya dirisha kusikiliza.

"Mtoto wangu hajambo?"

"Hajambo," Dorotea alisema. "Aliugua kidogo. Kupe. Anaendelea."

"Nani anamtibu?"

Dorotea alihamishia simu sikio la pili. "Kuna daktari wa kike, Kisesa. Na shemeji yako anamchemshia maini."

Usiku huo alimsemesha mumewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Wangapi wengine wana kipimo chako?"

Mzee alianza kuhesabu kwa vidole, akaviacha.

Kesho yake, walipotoka Kisesa na mbwa, akaanza. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa miguu, siku mbili, na kila ua alioingia alisimama mlangoni na kusema jambo lile lile: kile kipimo nilichowapa, kiacheni, si sahihi, mfuateni daktari wa Kisesa, kizibo kimoja kwa ndoo. Wengine walicheka wakidhani anatania. Kijana mmoja alisema, "Kumbe Bwana Josho alikuwa Bwana Sumu," na wenzake wakacheka, na mzee akasubiri wamalize ndipo akarudia habari ya kizibo, kuhakikisha wameisikia. Nestory alimpokea akiwa amesimama, akamsikiliza, akamjibu, "Hilo nilishalijua," akaendelea kukata majani ya ndama. Ndama walikuwa saba. Mayala aliwahesabu kwa macho kabla hajaondoka.

Kwa mjane Kabula alikuta mama anapepeta mpunga. Alimweleza. Kabula hakuacha kupepeta mara moja. Ungo ulikwenda mara tatu nne zaidi, kisha ukatulia.

"Mwaka juzi," alisema. "Mbuzi wangu wawili. Walitokwa povu. Nikakuita ukaja."

"Nilikuja."

"Ukasema ni mapafu."

"Nilisema hivyo."

"Wale mbuzi walikuwa sare na madaftari ya mwanangu Ngosha, kidato cha kwanza. Alikaa nyumbani mwaka mzima."

Mayala alikuwa ameshika kofia yake mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Alisema: "Nilikuwa sijui, mama. Nilikuwa nadhani najua."

Kabula aliweka ungo chini. Alikuwa na haki ya kumfukuza, na wote wawili walijua. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha plastiki.

"Kunywa. Jua ni kali, na bado una nyumba nyingi."

*

Wiki ya pili Mtazoea alianza kusimama mwenyewe. Fizi zilirudi rangi, kwanza hafifu kama ya ua la dengu, kisha nyekundu ya kweli. Sindano ya homa alichomwa baadaye, siku Adoyo aliyoona inafaa, na Mayala ndiye aliyemshika. Au alijaribu. Mbwa alipoona mkono wake alijikunja hadi akajikojolea, na ikabidi Dorotea amshike.

Ikawa hivyo hata nyumbani. Alipona miguu, akapona tumbo, akaanza kufukuza kuku. Lakini mzee akitokea tu, alijipenyeza nyuma ya mafiga akabaki huko akitoa macho. Mzee akishika ndoo, hata ya kunywesha mbuzi, mbwa alitoweka hadi jioni. Maini aliyoyachemsha Mayala yaliliwa baada ya Mayala kuondoka. Na tangu siku ile ya kuogeshwa hakuwa ametoa sauti. Adoyo alimwangalia koo, akasema koo ni zima.

"Atabweka akitaka," alisema. "Hilo sina sindano yake."

Dorotea naye alisubiri. Asubuhi alikaa jikoni akisikiliza wauza maziwa wakipita, na ua wao kimya, na wapita njia walishaanza kuuliza kama yule mbwa alikufa.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda. Mayala alitoka kisimani na ndoo mbili, akaingia kwa mlango wa nyuma ambao kwa kawaida hakuutumia, kwa sababu mbele Dorotea alikuwa ameanika mchele. Mtazoea alikuwa amelala katikati ya uwanja. Wakakutana ana kwa ana, hatua tatu baina yao, na hapakuwa na mafiga ya kukimbilia.

Mbwa alisimama. Manyoya ya mgongo yakanyanyuka. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya kukwaruza kama kikohozi, kisha ikatoka nyingine, na ya tatu ikatoka nzima. Akabweka. Alibweka kwa miguu yote minne, akirudi nyuma na kusogea mbele, akambwekea mwenye nyumba kama anavyobwekewa mwizi wa kuku, na kelele zikavuka minyaa hadi njiani.

Dorotea alitoka mbio na mwiko mkononi. Alimwona mbwa, akamwona mumewe, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba Shimba, weka ndoo chini! Pita huku! Anakuogopa, atakuuma!"

"Mwache," Mayala alisema.

"Nitamfunga."

"Mwache, mama. Mwache aseme."

Alisimama palepale, ndoo zinamvuta mabega, maji yanamwagikia viatu. Njiani watu walikuwa wamesimama wanachungulia juu ya ua, na Nestory alikuwa mmoja wao, pikipiki imezimwa. Mzee hakuwatazama. Alimtazama mbwa, na kila mbwa alipopumzika kuvuta pumzi, alisubiri, na mbwa alipoanza tena aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesomewa mashtaka na kuyakubali moja baada ya jingine.